Mlango wa Mama Mkwe

Jambo hili bado linanitia haya, hata leo nikipita soko la Kasongo nainamisha kichwa, lakini nitawaeleza polepole msije mkafanya kama mimi.

Koperative, chama chetu cha akiba na mikopo, ilikubali kunipangia upya mimi mwalimu mkopo wa nyumba, nilipe kidogo kidogo kwa muda mrefu, ila ajenti aje kwanza kuikadiria (msiogope, ni kawaida, wanataka kujua dhamana yao imesimama). Akagonga kuta, akatazama bati, akaridhika. Mlango wa nyuma tu, ulioliwa na mchwa, ndio akasema niubadilishe kabla hajarudi, la sivyo mpango umekufa na nyumba iko hatarini.

Siku ya ajenti kurudi ikafika, seremala hajamaliza. Nikakumbuka mlango wa dushi, bafu la uani, la mama mkwe, ng'ambo ya soko, wa mbao, rangi ya buluu, na mwenyewe yuko shambani Lusangi. Nikauchukua kimyakimya, nikaupachika nyuma ya nyumba yangu, hata mke wangu nikamwambia nimeununua.

Ajenti anaufungua, anaufunga, mimi namsifia mbao (kama niliyezipasua mwenyewe), mara mama mkwe huyo uani, vumbi la pikipiki mwili mzima, taulo begani, ndoo mkononi. Watu wa soko walikuwa wamemwelekeza.

Kwetu hatusemezani na mama mkwe uso kwa uso. Basi nikageukia ukuta, yeye akageukia migomba, akamwambia binti yake, mke wangu:

"Musalimie bwana yako. Umuulize kama mulango yangu ilikuja huku kutembea."

"Baba Furaha, mama anauliza mulango."

"Mwambie nilitaka kutengeneza bawaba."

"Mama, anasema ni bawaba."

"Bawaba haikuwa mugonjwa. Mimi niko na sabuni, na dushi iko wazi, inaangalia soko."

Ajenti, aliyesikia kila neno mara mbili, akafunga kalamu yake. "Huu ni muzuri, mwalimu. Sasa unionyeshe wa kwako."

Ule wa buluu niliubeba kichwani kuurudisha, kupita sokoni, nyuma ya mama mkwe, mbali kidogo kwa heshima, vijana wa pikipiki wakiniuliza bei.

Ajenti aliniongezea muda, tena akasema ningeuomba tangu mwanzo angenipa. Kwa hiyo, ndugu zangu, kama bado, semeni bado. Mlango wangu ulikuja, mpango ukapita, na mimi siazimi tena hata kijiko. Mama mkwe alipofika kuuona, aliupapasa, akageukia migomba, akamwambia binti yake:

"Umuulize, na huu ni wa nani?"