Moshi wa Kibuyu

Kwa miaka mingi nilikana nyumbani kwamba navuta sigara. Mume wangu akinusa moshi, nilimwambia ni maziwa anayotuletea mama yake, maana kijijini kwao Piyaya vibuyu vya maziwa husafishwa kwa kijinga cha moto. Nilipokutwa na vidonda vya tumbo na bakteria, nikakisingizia kibuyu kilekile.

"Basi sitaleta tena, mwanangu," mama mkwe alisema, akayamwaga maziwa mwenyewe.

Nilimaliza dawa, tumbo likazidi kuwaka. Mama mkwe akaja kwetu Karatu kuniuguza, mikono mitupu. Simu ilipolia nilikuwa nimejikunja kitandani, akanishikia, spika ikiwa wazi.

"Bakteria bado wapo," daktari alisema. "Nilikuonya, mama, sigara zinadhoofisha dawa. Kweli umeshindwa kuziacha?"

Mama mkwe hakuiondoa simu. Alisubiri nijibu.