Watu wa Soko Chini ya Ngome

Kule Mombasa baba yangu alikuwa mwalimu wa historia. Miaka nenda miaka rudi aliwafundisha vijana wa Pwani habari za Wanormani: jinsi walivyoiteka Uingereza, kisha wakahangaika na mpaka wa Wales, ambako wenyeji waliteremka milimani kuwashambulia. Alisomesha habari za ngome za mpaka huo bila kuwahi kuiona hata moja.

Tulipohamia Landani tukapanga nyumba mtaa wa Rayners Lane. Shule zilimwambia vyeti vyake havitoshi, akapata kazi ya kukagua tikiti stesheni. Bibi, mamake baba, alikataa kuja. "Mume wangu nimemzika huku," alisema. "Nyinyi nendeni, nitawaombea."

Alifariki tukiwa katika baridi yetu ya pili. Tulipopigiwa simu, alikuwa keshazikwa. Baba alisema, "Inna lillahi," akavaa koti la kazi, akatoka. Sikumwona akilia.

Baridi ilipopungua, shule yangu ikaandaa safari ya kwenda kuona ngome moja mpakani, ikaomba wazazi wa kusaidia kuangalia watoto. Baba akajitolea. Ndani ya basi alichangamka, akawaeleza wenzangu habari za wapiga mishale hadi wakasahau peremende zao.

Tulichokikuta ni kilima cha udongo kilichoota majani, na kipande cha ukuta juu yake. Mwongozaji, mama wa makamo, akatueleza kwamba mfalme hakuweza kuulinda mpaka huo akiwa mbali, basi akawapa mabwana wake ardhi, na ruhusa ya kujenga ngome, kuhukumu, hata kupigana vita bila kumuuliza. Mabwana nao wakaleta wageni kutoka mbali, wakawaweka chini ya ngome wafanye biashara sokoni, wakawapa haki ambazo wenyeji hawakuwa nazo.

Baba akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Na mabwana walipoondoka, wale watu wa soko walikwenda wapi?"

"Sijui," mama yule akajibu kwa upole. "Wengine walibaki, nadhani. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Baba akajitenga nyuma ya ukuta. Nilipomfuata nilimkuta ameketi kwenye majani mabichi, amejifunika uso.

"Mama yangu alibaki peke yake, mwanangu," akasema. "Nani alimwosha? Nani aliingia naye kaburini?"

Nikakaa karibu naye, nikashika mkono wa koti lake. Upande wa pili wenzangu walikuwa wakijibiringisha kilimani na kucheka.

Jioni nyumbani, Mama alipotuuliza tumeona nini, Baba alisema, "Majani tu," akaomba chai.

Alikagua tikiti mpaka akastaafu. Habari za wafalme hakuzizungumza tena. Miaka mingi baadaye watoto wangu walimwendea na homuweki ya ngome, wakamuuliza kwa Kiingereza zilijengwaje. Akawarudishia daftari taratibu.

"Muulizeni mwalimu wenu," akawaambia.