Lori la Baba Lilipoacha Kuchemka

Juzi nilikuwa kwa fundi mmoja pale Migori, nikisubiri gari langu. Kando yangu kijana wake alikuwa akifunga kitangi cheupe cha plastiki karibu na rejeta ya lori kuukuu.

"Maji yakipata moto yataingia humu," alimweleza dereva, "na injini ikipoa yatarudi yenyewe. Hutasimama tena njiani kuongeza."

Dereva alicheka kwa raha. Mimi nilitoka nje nikasimama peke yangu.

Rafiki yangu, mimi nililelewa na nyanya, upande wa Asumbi, katika nyumba iliyotazama barabara pale juu mlima unapoishia. Mama alikuwa amefariki, na baba aliendesha lori la tajiri mmoja, akibeba omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Karungu. Lori lile la zamani halikuwa na tangi la akiba. Likipanda mlima, maji yalichemka yakamwagika barabarani kupitia kijipira chembamba, na likifika kwetu rejeta ilikuwa imebaki nusu. Baba alilazimika kusimama. Hivyo ndivyo nilivyompata.

Nililijua kwa mlio kabla halijatokeza kwenye kona. Nilikimbia kisimani na ndoo, huku nyanya akipakua nyoyo, yaani mahindi na maharagwe aliyochemsha pamoja tangu asubuhi. Rejeta haifunguliwi ikiwa moto, kwa hiyo tulikaa kwenye kivuli cha lori, tumezungukwa na harufu ya omena na dizeli. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinishika miguu, akakagua nyayo kama zina mwiba, akaniuliza mwalimu ametufundisha nini. Akitaka kuharakisha, nyanya alimwambia, "Chungu hakipozwi kwa kukitazama. Kula." Naye akala.

Siku moja alifika, akashuka bila kuzima injini. Alifungua boneti akatuonyesha kitangi kipya na kifuniko kipya cha rejeta. Tajiri alikuwa amechoka kungoja omena wake.

"Sasa halimwagi hata tone, mama," aliniambia. Aliniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la nyanya, mama yake mzazi.

Nyanya alikuwa bado ameshika sahani. "Kwa hiyo utakuwa ukipita tu?"

"Nitapiga honi."

Na kweli alipiga. Honi mbili, mkono dirishani, kisha vumbi. Nyanya hakupunguza nyoyo sufuriani; tulikula kiporo asubuhi, kila mtu akitazama sahani yake.

Nilivumilia muhula mzima. Halafu jioni moja nikaenda kusimama ukingoni mwa barabara na ndoo iliyojaa. Lori lilifunga breki likasota kwenye changarawe.

"Kuna nini? Nyanya anaumwa?"

"Nimeleta maji."

Baba alifungua boneti. Maji ya kitangini yalikuwa palepale kwenye alama. Alinitazama, akatazama ndoo, kisha akachota kwa kikombe akanywa. Akachota tena, akanywa, akajimwagia mengine usoni. Tuliketi kwenye nyasi mpaka utingo wake akamwita, "Mzee, twende, tutachelewa!" Akanifuta machozi kwa kiganja chenye grisi, akaondoka.

Safari iliyofuata, alipiga honi mbili akapita.

Mimi nilienda shule ya bweni, na baba akahamia njia ya Isebania. Nyanya tulishamzika. Nikipita pale leo naona kisima kimefukiwa, nyumba imeporomoka, na malori yanapanda ule mlima bila kupunguza mwendo. Baba amestaafu, yuko Karungu. Humtembelea kila nipatapo likizo. Tunakaa sebuleni na televisheni inawaka, tunaulizana kama mvua imenyesha, kisha tunarudisha macho kwenye televisheni. Siku nzima ni yetu sasa, wala hakuna anayemngoja popote, lakini hatujui tena tunavyopaswa kuketi pamoja.