Litara Chini ya Mkeka

Nyumba ya Uelese ililala watu kumi na mmoja, na katika hao kumi na mmoja Litara hakuwa na wa kuzungumza naye. Usishangae. Upweke wa peke yako una nafuu. Upweke wa kupitishiwa bakuli la majimbi na mtu asiyekutazama usoni ndio unaoua.

Mama yake alikwenda Nyuzilandi kusafisha hospitali, Litara akiwa na miaka kumi na moja. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili. Mwaka wa pili alipiga sikukuu ya Krismasi. Halafu basi. Uelese, baba mtu, hakugomba wala hakulia. Alifunga mdomo tu, akawa anakula ameupa mgongo mlango. Hakumpiga bintiye hata kofi moja, na majirani walimsifu kwa upole wake. Upole gani huo, jamani? Mtoto alikuwa anatamani hata atukanwe.

Basi alianza kupiga watu. Akiwa na miaka kumi na mitatu alimng'ata binamu yake. Mwaka uliofuata alimpasua mdomo mtoto wa mchungaji. Wanawake wakitwanga maneno kisimani walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Haya, na ambaye mamaye hapokei simu, afunzwe na nani?

Litara alipofika miaka kumi na mitano, Ianeta, binti wa nyumba ya pili kutoka kanisani, alimwambia darasani mbele ya wote, "Msalimie mama yako, akikumbuka kwamba alizaa." Litara alichomoa ubao wa benchi na kumvunja mkono.

Kwetu kisiwani Savaii kosa kama hilo lina dawa yake. Mkubwa wa ukoo hujifunika mkeka wa urithi, akapiga magoti alfajiri mbele ya nyumba ya aliyeumizwa, na kukaa kimya mpaka wenyewe wauinue. Ukiinuliwa, yamekwisha. Lakini baba mkubwa Faamoe, mwenye jina na ukubwa wa ukoo, alikuwa ameshajifunika mara mbili kwa ajili ya msichana huyu. Alikuja akasema mkeka wa marehemu mama yake si kitambaa cha kufutia makosa ya mtoto mmoja. Safari hii ajifunike aliyemzaa. Wote wakamgeukia Uelese. Uelese aliendelea kumenya majimbi.

Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga walisema, ila hawakusema ufanye nini wa kwao wakikataa kukaa kula. Litara alingoja siku mbili. Ya tatu, kabla hakujapambazuka, alikunja mkeka wake wa kulalia, uliotoboka upande wa miguu, akaenda kupiga magoti mbele ya nyumba ya kina Ianeta. Alijua kuwa radhi iombwayo na mtoto haihesabiwi. Hakwenda kwa ajili ya kina Ianeta. Alikwenda ili baba apite, aone, uchungu umshike, ajiingize chini ya mkeka ule pamoja naye. Hilo tu ndilo alilolitaka.

Jua lilipanda. Kupitia tundu aliona miguu tu: ya wanaokwenda kuoga, ya watoto waliouliza kama humo mna nguruwe. Mama Ianeta alimwona tangu mapema, akakaa ndani, kwa sababu yeye naye alikuwa anamngoja mtu mzima wa kuja.

Saa nne ilikuja miguu anayoijua, yenye matope ya shambani, na ncha ya panga kando yake. Ikasimama. Moyo wa Litara ulidunda hadi akahisi mkeka unatikisika.

"Litara."

"Abee, baba."

"Majimbi atapika nani leo?"

"Kaa nami kidogo, baba. Kidogo tu. Hutasema chochote, nitasema mimi."

Miguu haikuondoka. Ilibaki pale hata inzi wakatua juu yake, na Litara akasogea upande, akamwachia nafasi ya kutosha mtu mzima. Halafu kisigino kiligeuka, kikafuatwa na cha pili.

Mama Ianeta hakuvumilia tena. Alitoka, Ianeta akimfuata na mkono wake uliofungwa kwa kitambaa, na wakashika mkeka pande mbili wakauinua kama uinuliwavyo wa wakubwa.

"Yamekwisha, mwanangu. Inuka uje ule."

Litara hakuinuka. Alishika ukingo wa mkeka, akauvuta taratibu kichwani pake.

"Ahsante, mama," alisema. "Niache kidogo. Huenda akarudi."