Leso ya Twaiba haitoki bila kukatwa

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumamosi, mkasi wa Twaiba Kheri unapita katikati ya leso ya mia moja na sitini tangu aanze kuuza. Vipande viwili vinaachana, naye anaviingiza kwenye cherehani, mguu ukikanyaga pedali na mdomo ukiendelea kumuuliza mteja habari za watoto.

Nje ya kibanda chake cha ushonaji hapa Mwabungo, foleni imefika barabarani. Wote wamefuata kitu kimoja: leso, yaani kanga, ya kundi la taarab la Shani ya Galu, linaloadhimisha miaka ishirini kwa onyesho la leo jioni huko Ukunda. Zimepigwa chapa jozi 200 tu, na hazitapigwa tena. Jina la leso, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, ni “Tumetoka mbali na bado twaimba.”

“Mwaka jana ulituuzia mbio tukakosa. Mwaka huu watuuzia mwendo wa kobe. Si tutakosa vile vile?” Mwanasha, jirani yake, anamtania kutoka nyuma ya foleni.

“Wewe hukosi, Mwanasha. Kelele zako zimefika kabla yako,” Twaiba anajibu, na watu wanacheka.

Kijana aliyevaa miwani ya jua anaipita foleni na kuegemea meza.

“Mathe, nachukua ishirini. Keshi. Nakuongezea mia tano kwa kila moja, lakini usikate. Nipee hivyo tu.”

“Kwanza salamu, mwanangu.”

“Shikamoo.”

“Marahaba. Sasa rudi nyuma upange foleni. Kila mtu jozi moja, na hiyo moja naikata.”

Kijana anacheka, anamwangalia vizuri, anaacha kucheka. Kisha anakwenda zake bila kununua hata moja.

Hapo ndipo penye akili ya mama huyu wa miaka 46. Leso mpya huja jozi, vipande viwili vilivyoshikana, na kwa kawaida mnunuzi huenda nayo kwa fundi wake ikakatwe na kupindwa. Ikiwa bado haijakatwa, ni mpya, inauzika popote. Ikishakatwa ni ya mtu, na mlanguzi hawezi kuipandisha bei mlangoni mwa onyesho.

Kwa hiyo Twaiba hukata na kupinda kila jozi mbele ya mwenyewe. Bei ni shilingi 1,000, na yeye hubakiwa na 150, kazi ya kupinda ikiwamo. Kila jozi humchukua dakika tano. Ameuza tangu Alhamisi, na goti la kulia, anakiri, limeanza kumlilia.

Angeweza kuuza zote kwa saa moja. Aliwahi kufanya hivyo, na ndiko kulikomfikisha hapa.

Mwaka jana alipokea maagizo kwa simu. Jozi 120 zilikwisha kabla ya adhuhuri. Kumbe wanunuzi wengi walikuwa ndugu na marafiki wa mlanguzi mmoja. Jioni leso zile zile ziliuzwa mlangoni kwa shilingi 3,500.

“Nilifurahi zinavyotoka. Sikujiuliza zakwenda wapi,” anasema. “Kosa lilikuwa langu, sitamsingizia mtu.”

Kati ya waliokosa alikuwamo Bi. Sidi, mkulima wa Kinango, mpenzi wa kundi hilo tangu lilipokuwa likipiga kwenye harusi za watu. Alikuwa ameuza kuku watatu apate pesa ya leso na nauli. Alimkuta Twaiba mlangoni, akamwambia mbele ya umati, “Umetuuza, mwanangu. Wenye pesa umewapa, sisi umetuacha.”

Maneno hayo yalisambaa hadi Msambweni. Kukazuka uvumi kwamba Twaiba alikula na walanguzi. Wateja wa kushonewa nguo za Idi walipungua, wengine wakamsalimia kwa mbali.

Kiongozi wa kundi, Mbarak Boga, aliyempa kazi ya kuuza leso, hakumficha. “Nilimwambia, ‘Twaiba, nakuamini, lakini likijirudia kazi hii nampa mwingine.’ Wapenzi wetu ndio waliotulea. Siwezi kuwafanyia kiburi.”

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka huu Twaiba hakupokea hata agizo moja la simu. Shangazi yake mwenyewe alikuja juzi akitaka jozi isiyokatwa, ampelekee bibi harusi, maana zawadi ya harusi haipelekwi ikiwa imepindwa. Twaiba alikataa. Shangazi aliondoka amenuna, na mpaka leo hapokei simu.

Saa tano, mtihani mgumu zaidi unafika foleni. Ni Jumwa, jirani wa Bi. Sidi, aliyetoka Kinango alfajiri.

“Nipe mbili, dada. Moja ya Sidi. Mwenyewe ameapa hatii mguu hapa.”

Twaiba anaondoa mguu kwenye pedali. Walio kwenye foleni wanasogea wasikie, maana kisa hicho kila mtu anakijua. Twaiba anaitazama leso, kisha anaitazama foleni.

“Nikikupa mbili, huyu aliye nyuma yako nitamwambia nini?” anasema. “Nisamehe, dada yangu. Chukua yako.”

Anaikata, anaipinda, anampa. Jumwa anaikunja na kuondoka. Aliye nyuma yake anasogea mbele, na Twaiba anapangusa macho kwa upindo wa buibui kabla ya kushika mkasi tena.

Adhana ya adhuhuri inapoadhiniwa, zote zimekwisha. Imebaki jozi moja ukutani, ambayo kundi humpa yeye kama ahsante. Hajaikata.

Mwakani anataka kununua cherehani ya pili, na jozi sitini aziuzie Kinango kwenyewe siku mbili kabla ya onyesho. Lakini hilo ni la mwakani. Jumatatu hii, Mungu akimjaalia, anakwenda Kinango na mkasi, sindano, uzi na jozi yake hiyo.

Je, Bi. Sidi atampokea?

“Sijui. Huenda akanifungia mlango,” anasema Twaiba. “Nitakaa papo hapo nje, niikate na kuipinda kwa mkono, akinisikia. Mwaka jana yeye alinifuata mimi akarudi mikono mitupu. Sasa ni zamu yangu kumfuata.”