Basi la Ruring'u Lililofanana na la Ng'ambo

Baba yangu, Gicheru, ana miaka themanini na sikio la kushoto limekufa, lakini mwonyeshe picha kuukuu ya basi, nyeusi na nyeupe, nusu yake imezibwa na kichwa cha bibi harusi, naye atakwambia ni Leyland au Bedford kabla hujampa miwani. Jina lililobandikwa mbele halitazami. Anasema jina hata mimi naweza kubandika. Anatazama rejeta, anahesabu nati za magurudumu, anapima kwa jicho kioo cha mbele kimelala kiasi gani. Kwa miaka thelathini aliunda bodi za mabasi hapa Ruring'u. Chesisi zilifika kutoka Uingereza zikiwa uchi, injini na magurudumu tu, dereva ameketi juu ya sanduku akipigwa na upepo.

Ndiyo maana Dipti alimtafuta. Dipti ni mjukuu wa Jashbhai, mpiga picha wa zamani wa Nyeri mjini, aliyeacha maboksi ya picha mpaka darini. Alitaka kufanya maonyesho ya mabasi ya Mlima Kenya, kila picha na maelezo chini yake: aina ya basi, mwaka, na aliyeliunda. Kwa wiki tatu Baba alikuwa mtu wa furaha, na mimi nilipumzika, maana tangu Mama afariki hunifuata jikoni kunisahihisha ninavyokata sukuma wiki.

Kisha ikatokea picha ya arobaini na moja. Basi refu, madirisha yamepindwa kwenye pembe, limesimama karibu na soko la Murang'a mwaka wa 1967. Baba aliishika kwa mikono miwili.

"Hii ni yangu, Wamucii," akaniambia. "Chesisi ni Albion, lakini bodi niliunda mimi. Ya kwanza kuunda peke yangu."

Machozi yalimtoka. Sikumwona akilia hata tulipomzika Mama.

Sasa Dipti, kwa uangalifu wake, alikuwa akituma kila picha kwa kikundi cha wazee wa Uingereza mtandaoni, watu waliozeeka wakisoma mabasi. Jibu lilirudi kabla chai haijapoa. Chesisi ni Albion, sawa. Bodi ni ya kiwanda kimoja cha kaskazini mwa Uingereza, hakuna shaka, hata kibao cha kiwanda kinaonekana kando ya mlango.

"Hiyo kibao niligonga mimi!" Baba akafoka. "Na nyundo yangu!"

Na ni kweli. Siku hizo abiria wa Murang'a waliliacha basi lililoundwa Ruring'u wakangojea la ng'ambo, ati la ng'ambo halivuji. Kwa hiyo Peterson, mwenye basi, alimletea Baba picha iliyokatwa kwenye kalenda, akamwambia aunde kama hilo. Baba akaunda, akapinda madirisha yaleyale, akamaliza na kibao cha kiwanda ambacho hakuwahi kukiona. Aliwadanganya abiria, akamdanganya mkaguzi wa magari, na sasa amewadanganya wataalamu wenyewe. Yeye aliwakasirikia Waingereza. Mimi nilimkasirikia yeye.

Hata hivyo nilimwandikia kiongozi wa kile kikundi barua pepe nne za kumtetea, mimi mwalimu mwenye madaftari ya watoto hamsini ya kusahihisha. Alijibu kwa adabu kwamba kumbukumbu za wazee huteleza. Baba akataka nimsomee mara mbili.

"Kuteleza! Muulize mimi nimeteleza wapi!"

Maelezo yalikuwa yachapishwe Ijumaa. Dipti alitujia nyumbani Jumatatu.

"Mzee, mimi nakuamini," akasema. "Lakini siwezi kuandika jina yako bila kitu ya kuonyesha watu. Niambie kitu moja kwa hiyo gari, kitu Mwingereza hawezi fanya."

Baba akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Hizo mabati ni mapipa ya lami. Nilipasua, nikanyoosha. Upande wa ndani iko na madoa nyeusi. Na nguzo sita za nyuma, upande wa kushoto, hazina bolti za kushika sakafu. Bolti ziliisha na Peterson alikuwa anataka gari Jumamosi. Nikapiga misumari, nikapaka rangi. Hakuna mtu amewahi kujua."

"Baba, hayo yote yako chini ya rangi," nikamwambia. "Picha itayaonyesha aje?" Nilikuwa nimechoka na Albion. Nilitamani hata Peterson angenunua punda.

Dipti alipekua maboksi siku mbili. Jumatano akatuita studio. Kumbe polisi walikuwa wakimwita babu yake kupiga picha za ajali, na hizo alizifungia kwenye sanduku la peke yake. Dipti akaweka moja mezani, uso unang'aa.

"Mzee, nimepata! Ni hiyo hiyo, namba ni ile ile!"

Basi lilikuwa limelala mtaroni, barabara ya Sagana, 1969. Upande wa kushoto ulikuwa umefunguka wote. Madoa ya lami yalionekana wazi ndani ya mabati. Nguzo sita za nyuma zilikuwa zimeng'oka chini, na misumari imebaki imesimama sakafuni. Kando ya barabara palikuwa na mablanketi yaliyofunika watu. Nilihesabu saba.

"Peterson aliniambia aliuza," Baba akasema. "Aliniambia aliuza kwa watu wa ng'ombe, Doldol."

Alichukua kioo cha kukuzia akatazama misumari. Kisha akakisogeza juu ya picha mpaka kwenye mablanketi, kikakaa hapo. Hasira zangu zote za wiki zile zilikwisha, nikaona haya kwa kuwa nazo. Dipti naye alikuwa ameelewa, furaha imemtoka, lakini karatasi ya maelezo ilikuwa mbele yake na kalamu mkononi.

"Mzee," akauliza polepole, "sasa niandike aje?"

Baba akavua miwani.

"Wale wazee wa Uingereza wanasema iliundwa wapi?"

"Kwao. Kaskazini ya Uingereza."

"Andika vile wamesema."