Chumvi Niliyokuwa Naiosha

Mimi nilikuwa naosha chumvi. Chumvi ya mawe tunayonunua sokoni hapa Bunia inakuja na vumbi la barabara na nyuzi za gunia, na mimi sili uchafu. Kule kwetu Djugu, kabla hatujakimbia, mama yangu alikuwa anaifunga kwenye kitambaa, anaimwagia maji mara mbili, anaikamua, anaianika juu ya bati. Nami nikafanya hivyo hivyo. Ilitoka nyeupe kama jino la mtoto. Jirani akija kuomba moto, nilimwonjesha kwanza. Niliringa kwa chumvi, sifichi.

Mke wa mtoto wangu alipopata mimba ya pili, shingo yake ilianza kuvimba mbele, kama mtu aliyemeza yai likakwama. Nilitoa sababu yake mbele ya wapangaji wote: "Ni maneno. Mwanamuke anayemeza maneno ya kumujibu mama mukwe, yanamukalia pale pale." Watu walicheka. Yeye akajifunga kitenge shingoni, akawa hakifungui hata jua likiwaka.

Kisha kituo cha afya kikasema kila mjamzito aje na chumvi ya jikoni kwake, kijiko kimoja. Nilimsindikiza. Siku ya kuonyesha chumvi, mimi nibaki nyumbani nikifanya nini?

Muganga wa kituo, mama mnene mwenye sauti ndogo, alipanga vifuniko vya chupa mezani, kila kimoja na chumvi ya mtu wake, akadondoshea dawa tone moja moja. Ya kwanza ikageuka rangi, bluu nzito kama wino. Ya pili pia. Zote. Yangu ikabaki nyeupe.

Nikapiga kigelegele. "Munaona! Ya kwenu iko na uchafu. Ya kwangu iko safi!"

Muganga aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mlevi kanisani. "Mama, ile iliyogeuka rangi ndiyo muzuri."

Akatueleza polepole. Mwili wa mtu unapika, alisema, kama siye tunavyopika: unachanganya hiki na kile tulichokula, kinatoka kitu kingine. Pale shingoni kuna kiungo kidogo kinachopika dawa ya kumpa mtu nguvu, na ya kumjengea mtoto akili akiwa bado tumboni. Lakini hakiwezi kupika bila kitu kinaitwa iyode, kidogo tu, kama ncha ya sindano. Kikiikosa kinavimba, kinajitanua kikiitafuta. Hiyo iyode wanaitia kwenye chumvi, nayo inashika juu juu ya punje. Ukiosha, inaenda na maji.

Masikio yangu yalipata moto.

"Sasa," muganga akauliza, akiiangalia ile yangu nyeupe, "nani anaoshaka hii chumvi kwenu?"

Nilifungua mdomo. Mke wa mtoto wangu akaniwahi: "Ni miye, mama muganga."

Benchi zima likamrukia. "Weye! Unamunyima mutoto akili juu ya usafi?" "Vijana ya leo, wanajifanya wazungu!" Mmoja akanigeukia: "Mama, umufundishe huyu."

Na mimi nikasema: "Nitamufundisha."

Neno hilo nilitamka kwa ulimi wangu huu. Hakuna aliyenilazimisha.

Njiani nilimwuliza kwa nini amefanya vile. Hakukasirika. "Mama, weye ni mukubwa. Wangekucheka mupaka kwa soko. Miye nimezoea kuchekwa." Sikuuliza nani alimzoeza.

Siku ile ile niliacha kuosha. Lakini mwezi mzima nilikula chumvi chafu, na kila tonge lilinipita kooni kama kokoto.

Siku ya kiliniki iliporudi, nilienda naye. Wanawake walikuwa wale wale. Nilisimama mbele yao bila kuitwa, nikasema: "Aliyekuwa anaosha chumvi ni miye. Huyu alinifichia aibu. Na ile shingo, nilimutukania bure."

Kisha mmoja akasema, "Jamani, muone roho! Mama mukwe anabeba kosa ya muke wa mutoto wake!"

"Hapana," nikasema. "Ni miye kweli."

"Mungu akubariki, mama. Wa kwangu asingeweza."

Wakapiga makofi. Nikasema mara ya tatu, kwa ukali, na makofi yakazidi. Mke wa mtoto wangu peke yake hakupiga. Aliangalia chini, akisubiri niketi.